Picha ya Mwaka Huu Atapiga Cholpon

Baba Begimai,

Zulia la sufu litundike uani, kwenye ukuta unaopigwa na jua. Baba mkwe avae kalpak yake nyeupe, si ile kofia ya manyoya inayomfunika macho. Kamera ifiche kifuani, ndani ya koti. Baridi hii ya Naryn inaua betri. Maandazi yamo chini ya kitambaa. Msiyamalize!

Nimekwenda kumwita jirani yetu Cholpon aje atupige picha. ~~Kama hamtaki, basi.~~ Mtake msitake, anakuja.

Najua wifi atasema, "Mkamwana yupo, jirani wa nini?" Ndivyo asemavyo kila majira ya baridi. Nyinyi mnajipanga, mimi nashika kamera.

Leo asubuhi Begimai alikuwa anaangalia picha ya mwaka jana. Nikamtania, "Haya, mama yuko wapi hapa?" Akaweka kidole kwenye theluji, miguuni pa babu yake, pale kilipoangukia kivuli changu. "Huyu hapa," akasema. Wala hakuwa anatania.

Basi leo nasimama katikati, ubavuni kwako. Mwambie wifi asogee. Mwaka huu kivuli kitakuwa cha Cholpon.

Mama Begimai