Pikipiki Nne za Theluji, na Mimi Jikoni

Jumapili jioni. Mvua nyepesi inanyesha tangu asubuhi na haina haraka ya kuisha. Nimekaa na koti langu mwilini, chai imepoa, na nina hasira.

Safari ya theluji ilikuwa wazo langu. Naandika hivyo kwa sababu leo limezungumzwa kana kwamba lilidondoka kutoka mbinguni. Wikiendi moja, kikundi chetu cha kanisani, loji iliyojificha msituni huko kaskazini mwa Ufini, na zile pikipiki zinazoteleza juu ya theluji. Jozi nne za wanandoa, pamoja na mimi. Nafanya kazi mapokezi hotelini, najua kubembeleza watu wa kukodisha vyumba, kwa hiyo simu zote nilipiga mimi. Hata chumba chenye jiko niliomba mimi, maana nawajua Wakongo wenzangu: siku ya pili bila ugali wanaanza kujisikia wagonjwa.

Tangu mume wangu, Baba Grâce, atuache na kwenda zake, hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokitaka kwa ajili yangu mwenyewe.

Nilikitaka sana.

Leo baada ya ibada tulikutana Sutton Coldfield, nyumbani kwa rafiki yangu Espérance, kuamua nani apande na nani. Kila pikipiki inabeba wawili, na anayeendesha lazima awe na leseni ya gari. Mimi sina. Baba Joël, mume wa Espérance, akapanga chapuchapu: kila bwana aendeshe, mke wake akae nyuma. Kisha akanigeukia akitabasamu.

"Mama Grâce atabakia ku loji. Tukirudi na ile baridi, tunakuta bugali iko tayari!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Nikamfuata Espérance jikoni. Nikamwambia tukodi pikipiki ya tano, anibebe yeye, maana ana leseni na kila siku anaendesha hadi kazini Coventry. Baba Joël aendeshe yake peke yake. Akashusha sauti.

"Dada, usiweke ku roho. Batu batasema nini, niache bwana yangu peke yake? Unajua bale ba mama. Bakiona mwanamuke hana bwana, banachunga ba bwana ba kwabo."

"Na weye?" nikamuuliza.

Akafungua bomba, akaanza kuosha glasi iliyokuwa safi.

Huyu ni Espérance niliyelala naye hema moja katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mwanawe Joël nilimpokea kwa mikono yangu usiku ambao mkunga hakufika. Wale mama wengine wanichunge wanavyotaka, sijali. Yeye ananijua, na bado anaogopa.

Nikikumbuka vizuri, dalili zilikuwepo. Siku hizi lifti ya kutoka kanisani naipata tu mke akiwemo garini. Kwenye sherehe naombwa nikasaidie jikoni kabla sijavua koti. Akufukuzaye hakwambii toka, na mimi nilikuwa nikijiambia ni heshima, wanaona napika vizuri.

Nilikataa kusindikizwa. Nikapanda treni hadi mjini, kisha basi hadi Hodge Hill, na njia nzima nililia kimyakimya, nimegeukia dirishani ili asinione mtu. Nimechoka kuwa mwanamke wa kuchungwa. Sijamgusa mume wa mtu. Wangu mwenyewe alinishinda, wa jirani nitampeleka wapi?

Binti yangu Grâce alinikuta mlangoni, akaona macho yangu. Nikamweleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: "Then don't go, Mum." Kwake mambo ni mepesi hivyo: basi, usiende. Nilitaka kumwambia kwamba nikiacha kwenda nitakuwa nimewapa walichokitaka. Halafu nikafikiri: si kweli. Walitaka niende. Walitaka niende nisonge ugali.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi, kabla ya kuingia kazini, nitapiga simu loji na kuthibitisha kama walivyopanga: pikipiki nne, watu wanane. Jina langu litoke.

Espérance atanipigia, najua. Atauliza sasa nani atapika.

Sitakata simu; nitasubiri nisikie kama ana swali jingine, linalonihusu mimi.