Mti Wako Umesimama Mbele ya Jua

Papa Anselme,

Nakuandikia nikiwa juu ya paa la zahanati ndogo ya kisiwa cha Nkombo, panga liko kando yangu, na tangu asubuhi sijakata hata kijiti. Mkono unakataa.

Tangu tukuzike, mwanafunzi wako situlii. Juzi Gashonga, jana Gikundamvura, leo kisiwani. Kila siku wananiita: fundi, njoo na huku. Nyumba za vibatari sasa zina taa za jua, na wenyewe ni hao hao waliokucheka. Ungejivuna mpaka kofia ianguke.

Lakini umeniachia balaa, Papa. Kila ulipofunga paneli ya jua ulipanda na mche wa parachichi, avoka ulivyoliita, eti wakukumbuke wakila. Fundi mzima, hukufikiria kwamba mche hukua! Wa hapa umelipita paa. Jua la asubuhi unalinywa lote, betri haijai, na taa ya chumba cha kuzalia inazimika kabla hakujapambazuka. Wiki iliyopita Maman Odette, yule mkunga uliyezoea kutaniana naye, alimpokea mtoto huku ameng'ata simu apate mwanga. Mtoto yuko salama. Mimi sijatulia tangu aliponisimulia.

Paneli nimeihamisha mara mbili, kivuli kikanifuata. Nilipotaja kukata mti, Maman Odette huyo huyo alinijia juu: "Uko na wazimu? Ile muti ni ya Mzee, muntu asiiguse!" Nilikasirika, kwa sababu hata mimi nilitaka kusema hivyo. Nimekukumbuka mno. Mti huu ndio naona bado unaishi badala yako.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza, nilipojitazama nywele kwenye kioo cha paneli? Ulipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka: "We mutoto, toka mbele ya jua! Iko inafanya kazi!" Hata padri ulimfukuza hivyo. Hata mke wako.

Sasa hivi nimemkumbusha Maman Odette maneno hayo, nikiwa huku juu. Ameenda mwenyewe kuleta kamba ya kuyafunga matawi yasiangukie paneli.

Kwaheri, Papa. Nimeweka kokwa tatu za mti huu mfukoni. Nitazipanda chini karibu na ziwa, mbali na kila paa, nakuahidi. Lakini huu nasimama kuukata, na nitaukaripia kama ulivyonikaripia mimi: toka mbele ya jua.

Mwanafunzi wako,
Chantal