Mawe ya Chebet Hayangoji Koito

Kiprono, kaka yangu,

Sikuulizi kama uko mzima. Najua uko mzima, kwa sababu anayeugua katika boma hilo huwa ni mtu mwingine kila mara. Ng'ombe je? Majani chai je? Hayo ndiyo unayoyajibu kwa moyo, basi nimeuliza.

Naandika kwa karatasi kwa sababu hushiki simu zangu. Barua atakuletea mama mmoja wa Roret tunayefanya kazi naye mtaa mmoja hapa Riyadh, anakuja likizo. Nimemwambia asikupe mpaka asikie kutoka kwangu. Utaona kwa nini.

Huku bado namtunza yule bibi mzee. Joto linachemsha hata maji ya bomba, na mgongo wangu umeisha kwa kumwinua. Kila asubuhi anafoka kwamba chai yangu ni mbaya, mimi niliyezaliwa kwenye majani chai! Nikimwogesha naona kovu refu ubavuni kulia. Alitolewa kifuko cha nyongo akiwa na umri wa huyu Chebet wetu. Amezeeka akifoka. Mama yetu hakupata nafasi hiyo.

Unakumbuka alivyokuwa akishika ubavu wa kulia kila akila nyama ya mafuta? Picha ikaonyesha mawe kwenye nyongo, daktari akasema kifuko kitolewe. Ukacheka: "Mawe ni nini? Hata kuku ako na mawe kwa firigisi na anatembea. Hii ni ulcers, apewe maziwa." Akapewa mursik, maziwa ya kibuyu yenye mafuta, asubuhi na jioni, miaka sita. Mimi nami nilimwambia kwa simu, "Kunywa tu, Mama," na hilo nitalibeba mwenyewe. Macho yalipogeuka manjano ukatangaza kanisani ni malaria. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ndiye uliyeficha, na aliyekufa kwa saratani ya kifuko hicho ni yeye.

Sasa ni dada yetu Chebet. Ubavu ule ule. Jiwe ni kubwa, na daktari wa Bomet amemwambia ukuta wa kifuko umeanza kuwa mgumu, kitolewe sasa. Alinipigia akilia, akakuiga mpaka nikaisikia sauti yako: "Ngoja kwanza koito ya Cherono iishe. Wakwe wanakuja, nani atatengeneza mursik? Mkono ya mke wangu haijui vibuyu." Yaani dada yako akae na jiwe ili watu wanaokuja kwenye koito kuposa binti yako wanywe maziwa mazuri! Nakuchukia kwa neno hilo, Kiprono, na sioni aibu kuliandika.

Nilipompeleka bibi kliniki nilimkuta nesi wa kutoka Kisii, nikamweleza yote. Hakunitisha. "Wengi wako na mawe na hawapati kansa, dada," alisema. "Lakini huyu wenu, mama yake aliugua hiyo hiyo, jiwe ni kubwa, na ukuta umekuwa hivyo? Asikae nayo." Akasema wanawake hupatwa zaidi, na watu wa umri mkubwa, na wanene, na wale ambao taifodi imejificha mwilini kwa miaka. Nikakumbuka Chebet alivyoacha dawa za taifodi katikati, mara mbili, kwa sababu ulisema amepona, arudi kuchuma majani.

Nikamuuliza tufanye nini sisi tuliobaki. "Mwili usizidi, mtembee, mkule mboga kuliko mafuta, maji ichemshwe, dawa imalizwe, sigara iachwe. Lakini jiwe ikishaingia, mboga haiwezi kuitoa."

Wewe unayevuta sigara ukingoja majani yapimwe, sikia. Ulizaliwa na mama huyo huyo. Nenda ukapigwe picha ya tumbo. Nimekasirika, lakini sitaki kuzika mwingine.

Ukisoma hapa, Chebet yuko wodi. Hakwenda Silibwet kununua leso za koito kama ulivyoambiwa. Mke wako ndiye aliyemsindikiza, na ole wako umguse.

Nisalimie huyo wifi yangu, mwenye ujasiri kuliko boma zima. Nisalimie Cherono, umwambie shangazi yake anampenda na hana kosa lolote. Nisalimie na mchungaji, aliyemwombea Mama apone malaria ambayo hakuwa nayo.

Wakwe wako wasikose kitu. Vibuyu vitano viko juu ya jiko. Kijiti cha kuvisugulia kiko nyuma ya mlango, na mkaa wa kuvipaka ndani Chebet amekuachia kwenye debe. Osha mwenyewe.

Dada yako, kwa kuwa Mama alitaka iwe hivyo,
Chelangat