Maua ya shambani kwa Mama Agnesi

Jumanne, kijijini Mbingu

Bado naiona mikono yake. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni mwa mpunga wake, nasoma GPS ili niandike mahali mmea unapoota, nikamwambia Mama Agnesi kwa furaha kwamba ua hili la njano sijalikuta kwingine bondeni.

"Mkishaandika, mnakuja kupanda bikoni za mpaka wa hifadhi," alisema. "Kaka yangu alihamishwa hivyohivyo."

"Mama, mimi naandika maua tu. Sichukui ardhi."

Aliinama akayang'oa maua yote na mizizi yake, akaniwekea mkononi.

"Haya, chukua. Sasa hapa hakuna kitu."

Ningemzuia kwa neno gani? Hata mimi sijui wakubwa walionituma watayafanyia nini maandishi yangu.

Nimeyatia kwenye ndoo ya maji, lakini yamelala. Na ofisini wanasubiri niwaambie yanaota wapi.