Chemchemi Niliyoitunga Mlimani Ida

Jumatano, 9 Aprili

Sir Hakim, bosi wa ofisi yetu ya safari, kanirudishia karatasi ya kutangaza Krete, wino mwekundu kotekote. Theluji ya Mlima Ida kaipenda. Vibanda vya wachungaji, vya mviringo, mawe matupu bila udongo, kavipenda pia. Tai, harufu ya zaatari porini, sawa. Lakini hadithi ya pango! Kwamba mungu wao wa kale alifichwa humo akiwa mchanga ili baba yake asimmeze, akanyonyeshwa na mbuzi, vijana wakagonga ngao mlangoni kilio kisisikike. "Wateja wangu Waislamu, Rumaisa, unawauzia masanamu? Toa. Weka kitu kitamu. Yalla, saa kumi inakwenda kuchapwa."

Kitamu! Mlima wenyewe nimeuona kwenye simu tu. Basi nikaweka pango la kwetu pwani, lile nyanya alilokuwa akinipeleka: ubani, marashi, kitambaa chekundu mlangoni, wanawake wanaweka nadhiri ya mtoto. Nikaongeza na chemchemi ndani, ya kunawa uso. Robo saa, kwisha. Hakim kafurahi! Nimecheka njia nzima mpaka kwangu Mankhool.

Jumatatu, 14 Aprili

Ya Rabbi, nimefanya nini.

Kaja Bi Ummulkheir na mumewe Bwana Amour kuchukua tiketi zao. Wazanzibari wa hapa hapa Uarabuni, wazee wao walihamia zamani. Wanakwenda Krete Alhamisi, kupumzika tu. Nikampa karatasi asome wakati nachapa. Kasoma yote. Kisha kanishika mkono: "Mwanangu, kumbe na huko wapo wa kuweka nadhiri pangoni! Bibi yangu Makunduchi akipeleka ubani pangoni vivi hivi!"

Miaka kumi na minne ya ndoa. Mimba tatu, hakuna iliyokaa. Hospitali zimemchosha, kanieleza yote pale pale dawatini, machozi yanamtoka. Bwana Amour kanong'ona kuhusu ushirikina. Kamkata: "Nyamaza wewe. Nadhiri naweka kwa Mungu, siweki kwa jiwe."

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Hakim ananitazama kutoka kiti chake. Nikasema inshallah. Inshallah! Mimi na ulimi wangu huu!

Jumatano, 16 Aprili

Leo nimemweleza mwenzangu kazini. Robinah wa dawati la viza, Mganda, hana maneno mengi: nimwambie mama wa watu ukweli kabla hajapanda ndege. Nikamjibu kesho. "Kesho ndiyo anaondoka, nyabo."

Nikamwendea Hakim kwanza. Kosa. Eti watu wanasafiri na furaha yao, mimi nataka kuwatia majonzi? Nikifungua mdomo, kazi khalas, na viza yangu khalas. Nimerudi kukaa. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 18 Aprili

Wamefika. Katuma picha: chini maua mekundu ya porini, juu mlima mweupe pepepe. Mzuri, wallahi, mzuri kuliko nilivyouandika. Chini ya picha kaandika kwamba ubani kaja nao, marashi kanunua huko huko.

Nimemjibu na kopa, ule moyo mwekundu. Kopa!

Jumamosi, 19 Aprili

Saa nne. Nimeshindwa, nimepiga simu hotelini kwao. Dada wa mapokezi kasema barabara ya juu imefungwa, jana theluji imeanguka tena. Kesho Pasaka yao, wachungaji wote wameteremka vijijini, huko juu hakuna mtu. Nikamuuliza kuhusu chemchemi ya pangoni, ya wanawake. Kacheka. Kazaliwa chini ya mlima ule, hadithi hiyo hajapata kuisikia.

Nikamwomba awazuie. Wametoka alfajiri, kasema, na gari la kukodi.

Nimewaandikia: rudini, kuna theluji. Hilo tu. Hata sasa nimeandika theluji tu!

Saa tano na nusu. Robinah kaniletea chai, imepoa. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa saba kasoro. Ujumbe wa sauti wa Bwana Amour. Anahema, upepo mkali nyuma yake. Ujumbe wangu kauona, lakini mkewe hasikii la mtu. Gari wameliacha kwenye kizuizi, wametembea saa mbili, theluji hadi magotini. Sasa wako mlangoni mwa pango. Ndani panateremka, giza, barafu. Maji hawayaoni. Ummulkheir keshavua viatu, anasema harudi mpaka anawe.

"Bi Rumaisa, mimi haya mambo siyaamini. Lakini nina miaka sijamwona mke wangu akicheka hivi. Tuambie upesi, tunaganda. Chemchemi iko kulia au kushoto?"

Nimeusikiliza mara tatu. Hakim kasimama nyuma yangu, naye kausikia.

Nimeandika "hakuna". Nimefuta. Akiambiwa hakuna, pale, miguu mitupu kwenye theluji, mbele ya mumewe... Na nikisema kulia, wataingia kulia. Kuna nini kulia? Sijui! Mimi sijui kuna nini!

Bwana Amour yuko mtandaoni, anangoja jibu. Nimeandika tena: Bi Ummulkheir, nisamehe, chemchemi ile—

Simu inaita. Ni Bi Ummulkheir mwenyewe.