Chumba Kisicho na Mwangwi

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Natumai hamjambo na kazi zinakwenda. Huku sote tu wazima. Mama magoti yanamsumbua akiinama lakini mdomo haujambo, na habari za Baba utazikuta mbele. Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Sababu ipo, na si msiba, kwa hiyo kaa kitako, unywe chai, wala usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyozoea kufanya na vitabu vyangu.

Kwanza ujue kwamba nimekunyang'anya chumba. Kitanda chako kiko stoo, na pale palipokuwa na meza yako ya kujipambia sasa pana spika mbili, kompyuta na maikrofoni. Ile kazi ya kusoma vitabu na matangazo kwa sauti imeanza kunipa riziki, nami nilichoka kurekodia ndani ya kabati la nguo nikiwa nimejifunika blanketi gubigubi. Baba alisema chumba ni chako na hakuna wa kukigusa. Baadaye Mama akamweleza pale sebuleni kwamba hakuna ukuta utakaobomolewa, mzee akaguna, nasi tukauchukua mguno huo kuwa ni ndiyo.

Chumba kitupu kina balaa lake. Sakafu ya vigae, kuta za saruji, dirisha la kioo: ukisema neno linapiga ukuta, linarudi, linagongana na lile linalotoka. Kwenye rekodi nilisikika kama mtu anayehutubia ndani ya pipa. Nikafanya kosa ambalo karibu kila mwenye studio ya nyumbani hulifanya, nikabandika trei za mayai. Mama alizikusanya kwa majirani wote, hadi wengine wakadhani tumefungua duka. Tulipomaliza nilipiga kofi katikati ya chumba, na kofi likanirudia vilevile. Rafiki yangu fundi wa redio, yule aliyefunga spika siku ya harusi yako, alikuja, akatazama kuta, akauliza kuku wenyewe wanaletwa lini. Kisha akanieleza kwamba trei ni nyepesi mno. Sauti humezwa na kitu kinene chenye nyuzinyuzi ndani, hasa zile sauti nzito za besi, ambazo hujibanza kwenye pembe za chumba kama watoto waliovunja kikombe.

Tukaanza upya. Seremala wa mtaa wa nyuma alituundia fremu za mbao, tukazijaza ile sufu nzito wanayoweka chini ya mabati kuzuia joto, tukazivika kitambaa kinachopitisha pumzi. Kitambaa chenyewe ni mapazia yako ya zamani, yale ya maua ya njano, kwa hiyo huwezi kusema umetupwa nje kabisa. Fremu hazikugusa ukuta, tuliacha nafasi ya upana wa kiganja, na zile nene kuliko zote tukazisimamisha kwenye pembe za chumba. Kujua pa kutundika, fundi alinifundisha mbinu ya kioo: mimi niketi kwenye kiti changu, mtu mwingine atelezeshe kioo ukutani, na pale nitakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodundia. Mama ndiye aliyetelezesha, tena kwa kioo chako. Kila alipofika kwenye mwanga mzuri alisimama kujitazama, kazi ikachukua mchana kutwa.

Sasa Dada, hapa ndipo penye habari yenyewe. Tulipotundika fremu ya mwisho, Baba aliingia. Hakuwa amekanyaga humo tangu tuanze. Alikaa kwenye kiti changu bila kuomba, akaupa mlango mgongo. Mama alikuwa nyuma yake na kile kioo chako mkononi, akanong'ona kwamba mzee huyu akishakaa mahali, kumnyanyua ni kazi ya winchi. Unamjua Mama, miaka yote anamsema Baba nyuma ya mgongo wake, na mzee hajibu, nasi tulikuwa tukimsifu kwa subira. Siku hiyo akajibu. Bila kugeuka, alisema winchi ya kumnyanyua yeye bado haijatengenezwa, akauliza na chai yake iko wapi.

Mama nusura aangushe kioo. Mimi nilicheka, kisha nikaona Baba hacheki. Alikuwa akigeuza kichwa taratibu, akizitazama fremu moja moja. Akamwomba Mama aseme tena kitu chochote, kwa sauti ileile, palepale aliposimama. Mama akasema hajui aseme nini. Baba akaitikia kwa kichwa, na machozi yakamlengalenga.

Ndipo akatueleza. Zile mashine za kusokota nyuzi kiwandani alikostaafu zilimla masikio siku nyingi, naye akaficha, akiogopa kuonekana amezeeka. Sauti anazisikia. Ila sebuleni, penye vigae na kuta tupu, maneno yanamfikia yamefungamana, hajui lipi limeanza wapi. Kwa hiyo huguna, au husema haya, vizuri. Kumbe hata ule mguno wa chumba chako haukuwa ndiyo wala hapana.

Na siku ile ulipompigia, Dada. Unaijua siku ninayoisema. Ulimwambia mwenyewe kwamba ujauzito umeharibika, naye akakujibu haya, vizuri, msalimie mumeo, akampa Mama simu. Uliniambia hutaomba tena kuongea naye, na kweli hujaomba. Mimi nilikuunga mkono, nikasema mzee ana moyo wa jiwe. Alikuwa sebuleni, simu imefunguliwa sauti yote, na hakuambulia hata neno moja. Ni Mama alipompa habari chumbani, wameketi bega kwa bega, ndipo alipojua ulikuwa unamwambia nini na yeye alikujibu nini. Alitaka kukupigia palepale, akaogopa kwamba hatakusikia, atakujibu ovyo mara ya pili. Kimya chake chote ni hicho. Nilipotaka kukupigia mimi nikueleze, alikataa. Alisema simu ndiyo iliyomponza, nikuandikie.

Amekubali kwenda kupimwa masikio, ingawa Mama anasema ataamini akimwona kwenye foleni. Lakini jana aliniomba kitu kingine. Alitaka nimfungulie kwenye spika ule ujumbe wa sauti unaomtumia Mama, wote, tangu wa zamani. Alikaa kwenye kiti changu, mapazia yako kulia na kushoto, akasikiliza mpaka mwisho bila kuguna. Kazi ya mteja ililala, nami sikujali.

Ulipokwisha, aliuliza kikohozi chako kimeanza lini. Nikamuuliza kikohozi gani. Akasema nirudishe nyuma, nikarudisha, na kweli kipo, chinichini, mwishoni mwa sentensi, tena si mara moja. Mimi na Mama, wenye masikio mazima, tumekusikiliza muda wote huo na hatukukisikia.

Msalimie sana shemeji. Mama anakusalimu na anasema kioo chako anakitunza, jambo ambalo ni kweli kupita kiasi. Mwanzoni mwa barua nimeandika kwamba natumai hamjambo, kama watu wote wanavyoandika. Hiyo ichukue kuwa salamu yangu. Ya Baba ni swali, na ameniambia niliandike kama alivyolisema: mwanangu, kikohozi hicho kimeanza lini, na nani anakuangalia?

Usinijibu mimi. Piga namba yangu jioni yoyote, nitaiunganisha na spika. Kiti nimeshamwachia.

Ni mimi mdogo wako,
Kelele