Ananipenda Mimi au Kitabu cha Baba?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana usingizi umenihama na juzi nimeshona mfuko wa sketi ya mteja ukatokea kwa nje. Mimi ni fundi cherehani, naishi na baba, mwalimu mstaafu wa Kilatini, ambaye macho yake siku hizi hayaoni herufi, na kitu anachojivunia kuliko vyote ni kitabu cha mashairi ya falsafa kwa Kilatini, cha jalada la ngozi, kilichochapwa karne nyingi zilizopita, nakala zake duniani sasa ni za kutafuta kwa tochi. Basi mgongo wa kitabu ukaachia, tukamwita fundi wa kujalidi vitabu, kijana mtanashati, akautengeneza vizuri, halafu akawa anakuja kila Jumamosi kumsomea baba, na mimi akiniita "dada" tu, mpaka siku baba alipotania, "Atakayemwoa binti yangu ataondoka na hiki pia," na mshauri, wiki haikuisha nikawa "mpenzi"! Nami nampenda, sikufichi, ila kitabu hakigusi mpaka anawe kwa sabuni, lakini mkono wangu anaushika na gundi yake vidoleni. Juzi nikamtega: "Nyumba ikiwaka moto, utaokoa nini kwanza?" Akajibu bila kupepesa macho, "Kitabu. Wewe una miguu." Nimenuna mpaka leo. Kaka yangu anasema nimtimue, lakini nikimtimua, baba atasomewa na nani, wakati Jumamosi ndiyo siku pekee anayokumbuka kuchana nywele? Na mwenzangu anataka tufunge ndoa mwezi ujao. Nifanyeje?

Mwenye Miguu

Mwenye Miguu, pole, na unisamehe, nimecheka. Jibu lake halina mahaba, lakini halina uongo pia. Mwinda mali angekumwagia asali. Hilo halimsafishi bado. Baba yako naye amekosea, binti hatolewi kama nyongeza ya kitabu. Na wewe, mtu mzima, unamtega mwenzio kwa moto wa kufikirika badala ya kumuuliza usoni kwake? Acha utoto.

Kaa na baba yako. Mwambie ule utani ulikuumiza, kisha mwombe aseme mwenyewe, akili zake zikiwa timamu, kitabu kiende wapi atakapoondoka duniani. Mimi ningesema maktaba. Akishaamua, mpe kijana habari hiyo wewe mwenyewe, mkiwa wawili, halafu unyamaze. Usimsaidie maneno. Akihuzunika, mvumilie, vitabu ndiyo kazi anayoipenda. Ila akiuliza "maktaba gani?" kabla ya kuuliza kama harusi iko palepale, mfungulie mlango.

Kuhusu kumsomea baba, usijifunge kwa kijana huyo. Nilikionja Kilatini shuleni. Irabu zake zinatamkwa karibu sawasawa na zetu. Huhitaji kuelewa kitu. Fungua, soma polepole, ukikosea mzee atakurekebisha, na mwalimu mstaafu hana raha kubwa kuliko hiyo. Anza wiki hii, kijana awepo asiwepo. Ukishaweza kumsomea baba yako mwenyewe, ndipo utajua kama ulikuwa unatafuta mume au msomaji.